Mashine Iandikapo Barua ya Kuomba Kazi

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, nje ya majengo ya posta na ya mahakama, palikuwa na watu walioketi nyuma ya meza ndogo, kila mmoja na mashine yake ya kupigia chapa. Kazi yao ilikuwa kuwaandikia wengine barua: za madai, za rambirambi, za kuomba kazi. Mteja alipofika na kusema kwamba ataka barua ya kuomba kazi ya utarishi, mpiga chapa hakuanza kugonga herufi papo hapo. Aliuliza kwanza. Umesoma hadi darasa la ngapi? Wapi? Umewahi kuajiriwa? Nani atakudhamini? Majibu yakiwa machache, barua ilikuwa fupi, na mteja aliondoka na barua fupi.

Tangu tarehe 30 Novemba 2022, kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipoufungulia umma programu yake iitwayo ChatGPT, na makampuni mengine yakafuata na programu za namna hiyo, mwandishi wa aina nyingine ameingia kazini. Wapo waiitao akili mnemba, na wapo waiitao akili unde. Kijana mwenye simu anaweza kuiambia, kwa mstari mmoja tu, kwamba anataka barua ya kuomba kazi, naye akapata ukurasa mzima kabla hajameza mate. Mara nyingine mashine huuliza swali, na mara nyingine huacha nafasi ili mwombaji ajaze mwenyewe. Lakini ikipewa maelezo haba huelekea kufanya jambo ambalo mpiga chapa wa posta hakulifanya, yaani kulijaza pengo kwa maneno yake yenyewe. Yafaa wanafunzi waelewe kwa nini hufanya hivyo, maana sababu yake si hila wala uovu. Ni hisabati.

Neno lifuatalo

Mwaka 1913 mwanahisabati wa Urusi, Andrei Markov, alichukua herufi 20,000 za shairi refu la Pushkin liitwalo Yevgeny Onegin, akahesabu kwa mkono ni mara ngapi irabu hufuatwa na konsonanti na ni mara ngapi hufuatwa na irabu nyingine. Hakuwa akitafuta maana ya shairi. Alitaka kuonyesha kwamba uwezekano wa jambo kutokea waweza kutegemea jambo lililotangulia. Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon aliipeleka mbele fikra hiyo. Aliokota maneno kutoka katika vitabu kwa kufuata kanuni kwamba kila neno liwe limewahi kufuata lile lililolitangulia, akapata mistari iliyofanana na Kiingereza ingawa hapana mtu aliyeitunga.

Mashine za leo ni kubwa kupita kiasi zikilinganishwa na hesabu hizo. Ile iliyoitwa GPT-3, iliyotolewa mwaka 2020, ilikuwa na tarakimu bilioni 175 zilizorekebishwa wakati wa mafunzo, na haikutazama neno moja tu lililotangulia bali maneno mengi. Hata hivyo kazi ya msingi ni ile ile: kutokana na maneno yaliyokwisha kuandikwa, kukadiria neno lipi laelekea kufuata. Baada ya hapo huongezewa mafunzo mengine ili iwe na adabu na ijibu maswali, lakini msingi haubadiliki.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani kwa vijikaratasi, bila umeme wala kompyuta. Mwalimu aandike ubaoni sentensi 4 za mfano, kama zile zipatikanazo katika barua za kuomba kazi:

Mimi ni kijana mwenye bidii.
Mimi ni kijana mwenye uzoefu wa miaka mitatu.
Mimi ni mhitimu mwenye uzoefu wa miaka mitano.
Mimi ni mhitimu wa mwaka jana.

Sasa wanafunzi watayarishe bahasha moja kwa kila neno, na ndani ya kila bahasha watie vijikaratasi vya maneno yaliyolifuata neno hilo, kijikaratasi kimoja kwa kila mara lilipotokea. Bahasha ya «ni» itakuwa na «kijana» mara 2 na «mhitimu» mara 2. Bahasha ya «mwenye» itakuwa na «bidii» mara 1 na «uzoefu» mara 2. Bahasha ya «wa» itakuwa na «miaka» mara 2 na «mwaka» mara 1. Kisha mwanafunzi aanze na «Mimi ni», achomoe kijikaratasi bila kutazama, aandike neno lake, akirudishe, aende kwenye bahasha ya neno hilo, na kuendelea hivyo mpaka sentensi ifike mwisho.

Sentensi nyingine zitakuwa za kuchekesha, kama «Mimi ni kijana mwenye uzoefu wa mwaka jana». Nyingine zitakuwa nakala ya zile za ubaoni. Lakini itatokea pia hii: «Mimi ni kijana mwenye uzoefu wa miaka mitano.» Hiyo ni sentensi safi isiyo na kosa la sarufi, tena ya kupendeza, na haimo ubaoni. Hapana mtu aliyeisema. Wanafunzi wa kidato cha 4 wanaweza kukokotoa uwezekano wake: 1/2 × 1 × 2/3 × 1 × 2/3 × 1/2, yaani 1/9. Darasa la wanafunzi 45, kila mmoja akitunga sentensi moja, litegemee kuipata kama mara 5 hivi.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito kuliko hilo la kwanza. Tuseme kanuni ibadilishwe, badala ya kuchomoa bila kutazama mwanafunzi achukue daima neno lililo na vijikaratasi vingi zaidi. Akifika kwenye «mwenye» atachukua «uzoefu» kila mara, kwa kuwa «uzoefu» ni 2 na «bidii» ni 1. Yule kijana wa sentensi ya kwanza, ambaye hakuwa na lolote la kutaja ila bidii yake, ametoweka. Bahasha zimempa uzoefu asio nao. Hazikumdanganyia mtu yeyote, maana hazijui uongo ni nini. Zimefuata tu yale ambayo watu wa namna yake huelekea kuyasema.

Barua nzuri ya mtu asiyekuwapo

Tuchukue mfano wa kijana aliyehitimu stashahada ya ufundi sanifu wa maabara. Hajaajiriwa bado. Ameona tangazo la kazi, akaiambia mashine: niandikie barua ya kuomba kazi ya fundi sanifu maabara. Barua ikija itasema, kwa lugha laini, kwamba ana uzoefu wa miaka 3, kwamba ni hodari wa kutumia spektrofotomita, kwamba amewahi kusimamia usalama wa maabara, na kwamba hufanya kazi vizuri na wenzake. Katika mamilioni ya barua zilizotumiwa kuifunza mashine hiyo, waombaji wa kazi za maabara husema mambo kama hayo. Ni barua ya fundi sanifu wa wastani, mtu ambaye hapatikani mahali popote. Kijana wetu huenda aliiona spektrofotomita mara moja, ikiwa imefunikwa kitambaa.

Atakayetia sahihi si mashine. Matangazo ya nafasi za kazi yatolewayo na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwaonya waombaji kwamba atakayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria, na onyo hilo halina kifungu kinachomsamehe aliyeandikiwa na kompyuta. Watanzania wanakumbuka tarehe 28 Aprili 2017, ilipowasilishwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyotaja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Kughushi cheti ni kosa la kukusudia, na haifai kulilinganisha na uzembe wa kijana asiyeisoma barua yake. Lakini anayeketi mbele ya jopo la usaili akiulizwa juu ya miaka 3 asiyokuwa nayo hana njia ya kuonyesha tofauti hiyo. Kwa jopo, dai si la kweli, na aliyelitia sahihi ni yeye.

Hata wasomi wa sheria wamenaswa. Mwezi Juni 2023 mahakama ya shirikisho mjini New York iliwatoza mawakili 2 pamoja na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hati iliyotaja kesi 6 ambazo hazikuwahi kuwapo. Zilitungwa na ChatGPT, zikiwa na majina ya wahusika na ya majaji, kila kitu mahali pake. Wakili mmoja alikuwa amethubutu hata kuiuliza mashine yenyewe kama kesi hizo ni za kweli, ikamjibu kuwa ndiyo. Kuiuliza mashine kama imesema kweli ni sawa na kuchomoa kijikaratasi kingine kutoka katika bahasha ile ile.

Kwa wasemaji wa Kiswahili kuna shida ya ziada. Katika maandishi yaliyotumiwa kuifunza GPT-3, kiasi cha asilimia 93 ya maneno kilikuwa cha Kiingereza. Lugha nyingine zote za dunia ziligawana kilichosalia. Mashine zilizokuja baadaye zimeendelea mbele, lakini alama ya asili hiyo ingaliko. Barua ya Kiswahili hutoka ikiwa na «Mpendwa Meneja wa Uajiri» na «nina shauku ya kujiunga na timu yenu yenye nguvu», mahali ambapo ofisi ya Tanzania ilitazamia anwani mbili, YAH: MAOMBI YA KAZI, na «Husika na kichwa cha habari hapo juu». Mwalimu yeyote wa Kiswahili ataitambua kwa kuitazama mara moja. Karani apokeaye barua 400 ataitambua pia, kwa sababu nyingine 150 zilizo mezani zina shauku ile ile.

Mashine upande wa pili wa meza

Barua haisomwi na binadamu daima. Makampuni makubwa, hasa ya ng'ambo na yale yaajiriyo watu kupitia mtandao, hutumia programu za kuchambua maombi. Zile za zamani huhesabu maneno: tangazo likitaja «uhasibu» na wasifu usitaje, ombi hushuka chini ya rundo. Mpya zaidi hujifunza kutokana na maombi ya miaka iliyopita, na hapa ndipo bahasha zetu zinapogeuka kuwa mahakama.

Kuanzia mwaka 2014 kampuni ya Amazon ya Marekani ilijaribu kuunda programu ambayo ingewapanga waombaji kwa nyota, kutoka 1 hadi 5, jinsi wateja wapangavyo bidhaa. Programu ilifunzwa kwa wasifu uliopokewa na kampuni katika muda wa miaka 10. Wengi wa waombaji hao walikuwa wanaume, kama ilivyo kawaida katika kazi za kompyuta. Kufikia 2015 wahandisi waligundua kwamba mashine yao inawapunguzia alama wanawake. Hapana aliyeiagiza kufanya hivyo. Ilijifunza kwamba wasifu wenye neno «wanawake», mathalani nahodha wa chama cha wanawake cha mchezo wa sataranji, haufanani na wasifu uliozoeleka. Na iliwashusha wahitimu wa vyuo viwili vya wanawake pekee. Wahandisi waliyaondoa makosa hayo waliyoyaona, lakini hawakuweza kuthibitisha kwamba mashine haitabuni njia nyingine ya kubagua, na mradi ukavunjwa. Shirika la habari la Reuters lilipoeleza habari hizi mwezi Oktoba 2018, kampuni ilisema kwamba programu hiyo haikuwahi kutumiwa na waajiri wake kuwapima waombaji.

Wala isidhaniwe kwamba kabla ya mashine mambo yalikuwa ya haki. Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi wa wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, waliotuma karibu wasifu 5,000 kujibu matangazo ya kazi katika miji ya Boston na Chicago. Wasifu ulifanana kwa sifa. Majina tu ndiyo yaliyobadilishwa. Wenye majina yadhaniwayo kuwa ya Wazungu waliitwa asilimia 50 zaidi ya wale wenye majina yadhaniwayo kuwa ya Wamarekani Weusi. Hao walikuwa binadamu. Miaka 20 baadaye, mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walifanya jaribio la kufanana na hilo kwa mashine za lugha, wakaona kwamba zilipendelea majina ya Kizungu katika asilimia 85 ya majaribio. Mwanafunzi alikuwa amemsikiliza mwalimu wake vizuri mno.

Serikali kadhaa zimeanza kuchukua hatua. Jiji la New York lilipitisha sheria mwaka 2021, iliyoanza kutekelezwa Julai 2023, ikimtaka mwajiri atumiaye programu za namna hiyo azifanyie ukaguzi wa ubaguzi kila mwaka na kuwaarifu waombaji. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 imeziweka programu za kuajiri katika kundi la zile zenye hatari kubwa. Nyumbani, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo limgusalo kwa uzito, na ya kuomba uamuzi utazamwe upya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inamruhusu mhusika kutaka uamuzi wa namna hiyo usitegemee mashine tupu, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Haki hizi bado hazijazoeleka. Ni wahitimu wachache mno wajuao kwamba wanaweza kuandika barua ya kuuliza: je, ombi langu lilisomwa na mtu?

Wapo waombaji waliochagua kujibu hila kwa hila. Huandika katika wasifu wao, kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, maneno yasiyoonekana kwa macho yanayoiamuru mashine impe mwombaji huyo alama za juu. Ujanja huu huvuma kwa muda, kisha hutambuliwa, na aliyekamatwa nao hubaki na sifa ya udanganyifu pasipo kupata kazi.

Kuigeuza mashine iwe mpiga chapa

Hayo yote hayamaanishi kwamba kijana aitupe simu yake. Wale wasemao kwamba msaada wowote wa mashine ni udanganyifu wanasahau kwamba watoto wa wenye nacho wamekuwa wakisaidiwa siku zote, na mjomba aliye ofisini, na rafiki wa baba aliyesoma ng'ambo. Msaada kama huo sasa waweza kumfikia mtoto wa mkulima kwa gharama ya vifurushi vya simu. Linalobaki ni kuilazimisha mashine ifuate desturi ya yule mpiga chapa wa posta, yaani kuanza na majibu ndipo barua ije.

Kijana wetu wa maabara aanze kwa karatasi na kalamu. Aandike yote aliyoyafanya kweli, hata madogo: alisoma wapi, alifanya mafunzo kwa vitendo majuma mangapi, alishika chombo gani, alipima nini, nani alimsimamia. Ndipo aipe mashine orodha hiyo pamoja na tangazo la kazi, na kuiagiza isiongeze hata jambo moja lisilomo. Agizo hili husaidia sana ingawa si kinga kamili, kwa hiyo barua ikirudi aisome akiwa na orodha yake mkononi, na kila sentensi isiyo na mzizi katika orodha aifute. Kipimo kingine kizuri ni cha dakika mbili: sentensi yoyote asiyoweza kuieleza kwa mdomo kwa dakika mbili, mbele ya mtu aijuaye kazi hiyo, haina haki ya kukaa katika barua. Kisha aiandike upya kwa mkono wake, maana maneno yaliyopita mkononi huacha kuwa ya mwingine.

Kuna asivyopaswa kuipa mashine. Namba ya kitambulisho cha taifa, nakala za vyeti, namba za simu za wadhamini: hivyo humhusu mwajiri, si kompyuta za kampuni ya nchi nyingine ambazo huenda zikahifadhi zilichoandikiwa na kukitumia katika mafunzo yajayo. Mdhamini mwenyewe hakuombwa ruhusa.

Mahali ambapo mashine husaidia zaidi, pengine kuliko kuandika barua, ni katika matayarisho ya usaili. Iambiwe iwe jopo. Ipewe tangazo na orodha ile, iulize maswali 10, na kijana ajibu kwa sauti kabla ya kusoma maoni yake. Hapa kosa la mashine halimdhuru sana, kwa sababu anayejibu ni yeye, na maswali ya wastani ndiyo hasa ambayo jopo huelekea kuyauliza. Walimu wa kidato cha 4 na cha 6 wanaweza kulifanya zoezi hili darasani hata kwa simu moja, nusu ya darasa wakiwa waombaji na nusu wakiihakiki mashine.

Barua ya kijana wetu, ikiisha kupita njia hiyo, itakuwa nusu ya ile ya kwanza. Miaka 3 haimo. Spektrofotomita haimo. Ipo sentensi hii: katika majuma 8 ya mafunzo kwa vitendo nilipima kloridi katika maji ya visima kwa kutumia bureti na nitrati ya fedha, na kuandika matokeo katika daftari la maabara. Mjumbe wa jopo aliyewahi kufanya kazi hiyo atamwuliza alijuaje kwamba amefika mwisho wa kipimo. Kijana hatahitaji kukumbuka barua iliandikwaje. Atakumbuka chupa: maji ya manjano kwa ajili ya kromati, matone yanayoonyesha wekundu na kutoweka, na kisha tone moja ambalo baada yake wekundu wa tofali haukuondoka tena hata alipoitikisa.